Mkono sio kichwa

Wadau, leo naomba tuwaache Simba na Yanga wapumzike. Kuna ugonjwa unanikera kwenye futiboli ya Marekani, ile ya helmeti na mpira wa umbo la yai. Nao ni kuabudu pasi ndefu.

Kwotabeki ndiye anayeanzisha mashambulizi, anaamua mpira aurushie nani. Akiurusha yadi 50, uwanja mzima unasimama. Akipiga yadi 6, tena 6, tena 6, zote mikononi mwa mwenzake, wanasema hana mkono!

Mchukueni Chad Pennington wa New York Jets. Bega lilichanika mwaka 2004, akapasuliwa. Mwaka 2005 likachanika tena, akapasuliwa tena. Baada ya hapo wimbo ukawa mmoja tu: hawezi kurusha mbali.

Hoja hiyo ina ukweli. Mabeki wakijua huna pasi ndefu, wanasogea mbele na kuzibana fupi. Lakini Pennington alikuwa na dawa: aliusoma ulinzi mapema na kuuachia mpira kabla mlango haujafungwa. Hiyo nayo ni kazi jamani, tena ngumu.

Agosti 2008 Jets wakamtema na kumleta Brett Favre, mwenye miaka 38 na mkono kama mzinga. Pennington akaokotwa na Miami Dolphins, timu iliyoshinda mechi 1 kati ya 16 mwaka 2007.

Sasa tuhesabu. Msimu ule wa 2008 Favre alitoa pasi 22 za tachidauni, na wapinzani wakamnasa mara 22, nyingi kuliko kwotabeki yeyote kwenye ligi. Pennington alitoa 19, akanaswa 7. Miami ikashinda mechi 11. Tarehe 28 Desemba wakakutana nyumbani kwa Jets: Miami 24, Jets 17. Miami wakawa mabingwa wa kundi, Jets wakakosa mtoano, na kesho yake kocha wao akafukuzwa.

Mtasema Baltimore walimnasa mara 4 kwenye mtoano na Miami ikalala 27-9. Kweli kabisa. Ila aliyemtema hakufika hata huko.

Nikerwe vipi nisikerwe? Mtu anafukuzwa kwa kile asichoweza, wakati anachoweza ndicho kinacholeta ushindi. Pasi ndefu ni tamu kwa macho, lakini ubao wa matokeo hauandiki mpira uliruka umbali gani. Anayebisha aje na namba.