Kahawa Mbaya ya Bwana Yemana

Juma hili natamani tukae kidogo na mchezo mmoja wa televisheni wa Marekani, uitwao Barney Miller. Ulionyeshwa huko tangu mwaka 1975 hata 1982. Ni mchezo wa kuchekesha, wa askari kanzu wa mji wa New York. Lakini anayetazamia magari yakikimbizana na bastola zikilia, huyo atangoja sana. Karibu mambo yote hutokea katika chumba kimoja cha orofani: meza chache, mashine za taipu, kijichumba cha mahabusu chenye nondo, na choo ambacho mzee mmoja haishi kukiendea.

Watu huletwa humo mmoja mmoja. Mwizi, mlevi, mke na mume waliogombana, mwenye duka aliyechoka kuibiwa. Kila mmoja ana kisa chake, naye Kapteni Barney Miller, yaani mwigizaji Hal Linden, huwasikiliza. Wachekeshaji wengi hupenda maneno yote yawe yao. Linden alinyamaza, akatazama tu, wenzake wakapata nafasi. Kwangu mimi hiyo ni kazi ngumu kuliko kuchekesha.

Mzee wa choo ni Fish, aliyechezwa na Abe Vigoda. Miguu inamwuma, mgongo unamwuma, na mkewe Bernice anampigia simu kazini. Katika kisa kimoja cha mwaka 1976, askari kijana alileta keki alizopikiwa na rafiki yake mwanamke, wenzake wakazila. Kumbe zilitiwa bangi, wala kijana hakujua! Mzee Fish akawafukuza wezi akirukaruka juu ya mapaa. Alipoelezwa sababu alihuzunika kweli: miaka mingi hakupata kujisikia mzima hivyo, na sasa anaambiwa ni kitu kilichokatazwa na sheria. (Vigoda mwenyewe alikuwa mcheshi. Mwaka 1982 gazeti moja lilimwita marehemu; akapigwa picha amekaa ndani ya jeneza, gazeti lile mkononi. Aliishi hata 2016, akafa ana miaka 94.)

Lakini nimeanza na kahawa, basi nifike kwenye kahawa. Mpishi wake ni askari Nick Yemana, Mmarekani wa asili ya Kijapani, mpenda kucheza kamari ya farasi. Kahawa yake ni mbaya sana. Wote wanajua, wote wanakunja uso, na kesho yake wanainywa tena.

Yemana alichezwa na Jack Soo. Jina lake la kuzaliwa ni Goro Suzuki; hilo la Soo alilitwaa alipoingia katika mchezo wa kuimba wa mwaka 1958, uliohusu Wachina wa San Francisco. Zamani ya hapo, mwaka 1942, Marekani ilipokuwa vitani na Japani, serikali yake iliwatoa majumbani watu wapatao 120,000 wa asili ya Kijapani, wengi wao wazaliwa wa Marekani, ikawafungia kambini. Suzuki alikuwa mmoja wao. Alipelekwa Topaz, jangwani Utah, na huko akawaimbia wafungwa wenzake.

Miaka ile mtu wa Asia akionekana katika sinema za Marekani, mara nyingi alipewa kazi ya mtumishi anayeinama na kuharibu maneno. Soo alikataa kazi za namna hiyo. Tazameni basi Yemana wake: anasema kama Mmarekani mwingine yeyote, taratibu, bila kucheka, na mzaha unatoka katika akili yake, si katika macho yake wala ulimi wake. Naye aliyefungiwa na serikali yake bila kosa, hapa amevaa beji ya polisi, anawaandikia mahabusu majina yao kwa upole.

Kansa ilimwua Januari 1979, akiwa na miaka 61. Mwezi wa Mei wenzake walifanya kipindi kimoja kwa ajili yake tu. Waliketi katika chumba kile kile kwa majina yao wenyewe, si kama askari, wakasimulia habari zake, na vipande vya kuchekesha alivyovicheza vikaonyeshwa. Mwishowe wakainua vikombe vyao vya kahawa kumwaga.