Simu Haimfundishi Mtoto Kusema

Hili tuliseme bila kuoneana haya. Siku hizi ukipita kwenye vibanda vyetu vya biashara, Bukoba hadi Muleba, utamkuta mtoto wa miezi 8 kawekewa katuni kwenye simu. Ukiuliza, unaambiwa: "Anajifunza kuongea." Hapana, jamani!

Mwaka 2003 watafiti wa Marekani, akiwemo Patricia Kuhl, waliwasikilizisha Kichina watoto wa miezi 9. Waliozungumza na mtu ana kwa ana walizitambua sauti za lugha ile. Waliowekewa video hawakuambulia kitu. Nalo Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya mwaka 1 asiwekwe mbele ya skrini kabisa.

Mtoto hutazama mdomo wako, anajaribu "ba-ba", anasubiri. Ukimjibu, anarudia. Katuni haimsubiri.

Tusiseme hatuna muda. Cherehani inataka mikono na macho. Mdomo uko huru, labda kama umebana pini! Mhesabie vifungo, mtajie rangi za vitenge, kisha nyamaza naye ajibu. Na kama lugha yako ni Kihaya, mwite "omwana wange" bila aibu. Ataiga sauti za anayemsemesha, na Kiswahili atakipata kwa majirani na shuleni.

Dada zetu, sauti Mwenyezi Mungu ametupa bure. Bando tunanunua. Kwa nini tumnyime mtoto kile cha bure?