Vijana Wetu na Siku Yao ya Mapumziko



Katika mikutano ya tawi letu kuna lalamiko moja ambalo sasa limekuwa kama wimbo. Wazee wa chama wasema kwamba vijana wa siku hizi hawana moyo wa umoja. Mkutano ukiitwa hawaonekani, mchango ukitakiwa wako mbali, na jioni wakitoka kazini kila mmoja ameinamia simu yake. Wengine huongeza kwamba ni wapenda anasa tu. Tumeyasikia maneno haya mara nyingi na leo twataka kuyajibu, kwa maana twaona anayelaumiwa siye.

Tutazame kwanza maisha ya kijana huyu. Ana chumba kimoja cha kupanga, pengine Mukuru ambako aweza kwenda Industrial Area kwa miguu, pengine Kayole au Umoja ambako lazima apande matatu. Kodi yatakiwa tarehe 5. Mshahara ukiingia, siku hiyo hiyo umekwisha gawanywa: wa nyumba, wa mama mashambani, wa deni la duka, wa nauli. Kilichobaki ni kidogo, na katika kidogo hicho ndimo taabu zake zote hupenya. Mtungi wa gesi huisha ugali ukiwa nusu umeiva. Tokeni za stima hukatika usiku wa tarehe 26. Mvua ikinyesha saa kumi na moja jioni, nauli hupanda palepale stendi, na yule aliyeweka hesabu ya kurudi nyumbani kwa bei ya asubuhi hutembea na kulowa. Simu ikianguka kioo kikapasuka, fundi wa simu ataka pesa za siku tatu za kazi. Hakuna hata moja katika haya lililo msiba. Mtu mwenye akiba huyacheka. Kwa kijana asiye na akiba, kila moja ni mkopo mpya.

Na mikopo iko mkononi mwake, ndani ya simu hiyo hiyo. Tuseme amekopa shilingi 1,000, na baada ya siku 30 atakiwa kurudisha 1,075. Aona 75 ni kitu kidogo, ni bei ya chai na mandazi. Lakini mwezi wa pili akopa tena kwa sababu zile 1,075 zimeacha pengo, na mwezi wa tatu vivyo hivyo. Akifanya hivi mwaka mzima amelipa shilingi 900 kwa kutumia shilingi 1,000 zile zile. Pesa hizo angaliziweka katika Sacco zingalikuwa zake. Lakini kumwambia mtu aweke akiba huku gesi imekwisha ni kumchezea.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, nalo ni wakati wake.

Amri ya mishahara ya Kenya yataka kazi ya kawaida isizidi masaa 52 kwa juma, katika siku 6. Na mahali pengi ambapo chama kimefunga mkataba na tajiri, masaa yamepunguzwa kuliko hayo. Juma lina masaa 168. Toa 52 ya kazi. Toa 49 ya kulala, ikiwa alala masaa 7. Toa 12 ya kwenda na kurudi, na 6 ya chakula cha mchana ambacho hukila palepale kiwandani. Yamebaki 49. Katika hayo atapika, atafua, atachota maji, atapiga foleni ya hapa na pale. Tuseme masaa 3 kila siku, yaani 21. Basi kijana amebakiwa na masaa 28 kwa juma ambayo ni yake mwenyewe, na sehemu kubwa ya masaa hayo imo katika ile siku moja ya mapumziko.

Masaa 28 si haba. Mtu aweza kujifunza gitaa. Aweza kuimba katika kwaya, kufanya mazoezi ya vyuma vile vinavyoundwa kwa makopo na simiti, kucheza drafti kwa vifuniko vya soda mpaka mchezaji wa mtaa wa pili aje kumtafuta. Aweza kusoma jioni apate cheti. Aweza pia kulala tu, na hiyo ni haki yake. Hatuoni kwa nini mfanyakazi atoe hesabu ya usingizi wake.

Lakini masaa hayo hayana faida ikiwa mwenyewe hajui yatakuwa lini.

Katika kiwanda kimoja ambacho hatukitaji hapa, vijana wa kupakia mizigo waliunda timu ya mpira. Walichanga shilingi 200 kila mtu wakanunua jezi. Njumu kila mmoja alijitafutia Gikomba. Wakaingia katika ligi ndogo ya mtaa. Mchezo wa kwanza walishinda, na tuliokuwapo twasema walicheza vizuri, ingawa kipa ana tabia ya kutoka golini kama aliyeitwa. Mchezo wa pili ulikuwa Jumapili. Jumamosi saa tatu usiku vijana 5 kati ya 11 walipata ujumbe katika simu: ratiba imebadilika, kesho mko kazini, mtapumzika Jumatano. Jumapili timu haikutimia, pointi zikaenda kwa wapinzani, na faini ikatozwa juu yake. Jambo hili lilitokea tena majuma mawili baadaye. Sasa timu haipo. Jezi zavaliwa kulalia.

Atakayesema hili ni jambo dogo afuate lilikoishia. Wale vijana 5 walipumzika Jumatano, kweli. Sheria haikuvunjwa hapo, maana Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema mfanyakazi apate angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku 7, nao waliipata. Lakini Jumatano wenzao wote walikuwa kazini. Uwanja ulikuwa mtupu, kwaya haikuwa na mazoezi, rafiki hakuwako. Kijana aliyepumzika peke yake alifanya nini? Alifua, akalala kidogo, kisha akafungua simu. Na ndani ya simu akakuta mpira mwingine, ule wa kubeti.

Hapa ndipo twatofautiana na wazee wetu. Wao waona kamari ya mpira imeingia kwa sababu vijana wamepotoka. Sisi twaona imeingia kwa sababu ndiyo mchezo pekee unaomkubali mtu asiye na ratiba. Haumwulizi utafika saa ngapi. Hauhitaji watu 11. Wachezeka katika dakika 10 za chai, nyuma ya stoo, au saa nane za usiku mtu akitoka zamu. Mpira wa kweli, kwaya, darasa la jioni, mkutano wa chama, yote hayo yataka watu wawe mahali pamoja kwa saa moja inayojulikana. Ratiba ya kubahatisha yaua haya yote na kuacha kamari peke yake. Kisha twamkuta kijana amechagua michezo 15 katika tikiti moja, 14 imekwenda sawa na mmoja umempindua, naye atusimulia kwa fahari jinsi alivyokuwa karibu. Karibu hailipwi. Twamwambia waziwazi kwamba hiyo ni kazi ya pili ambayo mshahara wake huenda kwa mwenye duka la kamari. Lakini twajua pia ni nani aliyemwondoa uwanjani.

Waliotutangulia walilijua jambo hili la kupumzika pamoja. Mwaka 1921, huko Geneva, Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mapatano juu ya mapumziko ya juma katika viwanda: masaa 24 mfululizo katika kila siku 7, na, panapowezekana, wafanyakazi wote wa mahali pamoja wayapate kwa wakati mmoja. Kenya iliyathibitisha mapatano hayo mwaka 1964, mara tu baada ya Uhuru. Yaani waliona kwamba siku ya mapumziko si ya kunyoosha mgongo tu. Ni siku ya watu kuonana. Na watu wakionana huzungumza, na wafanyakazi wakizungumza mambo mengine hufuata. Mombasa, Januari 1947, wafanyakazi wapatao 15,000 walipoacha kazi, walikutana siku baada ya siku uwanjani Kiembeni wakapabatiza Kiwanja cha Maskini. Nairobi, Aprili 1950, Makhan Singh alisimama katika ukumbi wa Kaloleni akadai Uhuru kamili wa Afrika ya Mashariki. Ukumbi na kiwanja havina kazi ikiwa kila mtu ana Jumapili yake tofauti.

Hata matajiri zamani waliujua mpira. Majina kama Bandari, Posta Rangers, KCB na Ulinzi Stars yatukumbusha kwamba timu nyingi za nchi hii zilizaliwa kazini. Meneja aliyekuwa na timu alijua Jumamosi ni ya mchezo na hakuwaita wachezaji wake stoo.

Twajua jibu la tajiri. Atasema oda huja ghafula, kontena huchelewa bandarini, stima hupotea kutwa nzima na kazi lazima ilipwe siku nyingine. Haya hutokea, hatukatai. Lakini jambo la ghafula halitokei kila juma. Likitokea kila juma ni desturi, na desturi hupangwa mapema. Na pale ambapo mtu aitwa kweli siku yake ya mapumziko, amri ya mishahara imekwisha kusema alipwe mara mbili. Twauliza: ni wangapi kati yenu mmebadilishiwa siku badala ya kulipwa mara mbili? Kwa nini hasa nyapara apenda kubadilisha? Ni kwa sababu siku ikihamishwa kwenda Jumatano, Jumapili yahesabiwa kuwa siku ya kawaida, na ile mara mbili imetoweka bila mtu kugombana.

Kuna pia wale wanaoziuza siku zao za mapumziko kwa hiari, kwa ajili ya ile nyongeza. Hatuwalaumu hata kidogo. Mshahara ukitosha, tutaona ni wangapi wataziuza.

Vibarua wana shida zaidi, maana wao hawana hata ratiba ya kubadilishwa. Wasimama getini alfajiri, na atakayeitwa aitwa. Yafaa wakumbuke kwamba sheria ile ile ya 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo siku zinazofikia mwezi mmoja huhesabiwa kuwa na mkataba wa mwezi, pamoja na haki zinazoufuata, na siku ya mapumziko imo. Wako wengi miongoni mwenu waliofika hapo zamani na bado wasimama getini.

Na dada zetu. Tulipozungumza nao juu ya mambo haya, hasa wale wa viwanda vya nguo huko Athi River, walitucheka. Walisema, nyinyi mwalilia timu ya mpira. Sisi siku ya ofu ndiyo siku ya kufua nguo za watu watano. Mmoja alitwambia kwamba starehe yake ni kroshia, na kitambaa cha meza alichokianza mwaka jana bado hakijafika nusu. Hilo mkataba hauwezi kulitengeneza peke yake. Waume wengine wasomao karatasi hii waweza kuanza Jumapili ijayo, beseni liko palepale. Lakini hata dada huyo alisema angefurahi kujua siku yake mapema, kwa sababu kikundi chao cha akina mama hukutana mara moja kwa mwezi, na mara tatu mfululizo amekikosa na kupoteza zamu yake ya kupokea pesa.

Kwa hiyo twatoa shauri hili kwa tawi. Siku ya mapumziko imo katika sheria. Kubandika ratiba ni jambo la kuandikwa katika mkataba. Mazungumzo ya mkataba mpya yakaribia. Twataka liingie neno kwamba ratiba ya zamu ibandikwe katika ubao siku 7 kabla ya juma kuanza, ikiwa na sahihi ya meneja. Twataka anayeondolewa siku yake baada ya ratiba kubandikwa alipwe mara mbili, hata akipewa siku nyingine. Na twataka kila idara ipate angalau Jumapili mbili kwa mwezi za kupumzika pamoja, ila pale ambapo mtambo hauwezi kuzimwa, na hapo wapeane kwa zamu inayojulikana.

Tajiri atauliza ushahidi, na ana haki ya kuuliza. Kila mwanachama na achukue karatasi aandike tarehe zote katika miezi miwili iliyopita ambazo siku yake ilibadilishwa, aliambiwa saa ngapi, na kwa njia gani. Ujumbe ulio katika simu usifutwe. Karatasi apewe stiwadi wa idara yake kabla ya mwisho wa mwezi. Asiyejua kuandika amwambie mwenzake amwandikie. Na mkutano wa tawi tumeuomba ufanywe Ijumaa jioni, wakati wa zamu kubadilishana, getini, ili wanaotoka na wanaoingia wausikie wote.