Kutuhumu Si Kuthibitisha



Lugha yetu ina vitenzi vinne ambavyo tumezoea kuvichanganya. Kushuku ni jambo la moyoni. Kutuhumu, neno lenye asili ya Kiarabu, ni kumtaja mtu kwa kosa ambalo bado halijathibitika. Kushtaki ni kulipeleka shauri mbele ya mwenye mamlaka ya kulisikiliza, naye mshtakiwa apate kujitetea. Kusingizia ni kumbebesha mtu kosa hali ukijua hakulitenda. Kwa hiyo mtuhumiwa si mkosaji. Jina lenyewe lasema kwamba ushahidi ungali unangojewa.

Tofauti hii si ya darasani tu. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, hasa miaka ya 1980 na 1990, bibi wazee wengi waliuawa kwa mapanga kwa kutuhumiwa uchawi. Kwa baadhi yao, "ushahidi" ulikuwa macho mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na samadi walizopikia miaka mingi. Mtoto alifariki, mpiga ramli akaashiria nyumba, jirani akanong'ona. Mara "anatuhumiwa" ikageuka kuwa "ndiye".

Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 13, yakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Nayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, katika Amri ya Nane, yafundisha kuwa hata kusadiki kimoyomoyo kosa la jirani pasipo msingi wa kutosha ni dhambi. Tumkumbuke Suzana katika Kitabu cha Danieli: alikwisha kuhukumiwa kifo kwa maneno ya wazee wawili. Danieli aliwatenga, akamwuliza kila mmoja aliona tukio chini ya mti gani. Majibu hayakupatana. Swali moja liliokoa uhai.

Basi, viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, tuhuma ikiletwa kwenu, ulizeni: Nani aliona? Lini? Wapi? Mhusika amesikilizwa? Wala jambo hili lisiwe kisingizio cha kumnyamazisha aliyedhulumiwa. Asikilizwe kwa heshima, asindikizwe hadi polisi au mahakamani, mahali ambapo tuhuma hupimwa. Haki haiogopi kuulizwa, na amani isiyojengwa juu ya ukweli haidumu.