Kicheko cha Hollywood kilichomsahau Kivu

Filamu inayowacheka watengenezaji wa filamu ina mtihani wake. Wanaoifurahia zaidi ni watu wa kazi hiyohiyo. Mtazamaji wa kawaida hutabasamu mara mbili tatu, kisha hutazama saa. Yaliikuta White Hunter Black Heart ya Clint Eastwood, iliyotoka mwaka 1990. Ilionyeshwa katika tamasha la Cannes na wahakiki kadhaa wakaisifu, lakini huko Marekani iliingiza dola milioni 2.3 hivi, ilhali ilitengenezwa kwa dola zipatazo milioni 24.

Kwa watu wa Kisangani, filamu hiyo inawahusu. Mwaka 1951 mwongozaji John Huston aliwaleta Humphrey Bogart na Katharine Hepburn katika eneo hili kupiga picha za The African Queen. Kambi yao ilikuwa Biondo, kando ya mto Ruiki, upande wa Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu. Peter Viertel, aliyeshiriki kuandika mswada wa filamu ile, alitoa riwaya mwaka 1953 kuhusu mwongozaji anayejali zaidi kumuua tembo kuliko kazi iliyomleta Afrika. Riwaya hiyo ndiyo aliyoigeuza Eastwood kuwa filamu, tena akaipigia Zimbabwe, si Kongo.

Nusu ya kwanza inachekesha. Mwongozaji hana pesa lakini ana majivuno, na mtayarishaji anahesabu gharama huku jasho likimtoka. Kisha tembo anamuua Kivu, Mwafrika anayewaongoza wawindaji. Ngoma zinapeleka habari za msiba, naye mwongozaji anarudi kwenye kiti chake na kazi inaanza.

Watetezi wa filamu watasema hapo ndipo mzungu yule anapohukumiwa. Ni kweli, jina la filamu lenyewe ni hukumu. Lakini Kivu ni nani? Analipwa kiasi gani? Ameacha nani nyumbani? Mtazamaji haelezwi. Kifo chake kinatumika kumfundisha mtu mwingine somo, kisha anaachwa nyuma. Mzaha ambao gharama yake inalipwa na mtu asiyejulikana lazima upoe.

Dawa ya hilo haiko Hollywood. Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, katika En route pour le milliard ya mwaka 2020, aliwafuata majeruhi wa Vita vya Siku Sita vya Juni 2000 wakishuka mto Kongo hadi Kinshasa kudai fidia. Mle ndani, watu ambao Hollywood ingewaweka pembeni ndio wanaozungumza, wanaogombana, na hata wanaotaniana. Filamu hiyo iliteuliwa na Cannes mwaka huohuo.

Kichekesho kizuri kuhusu biashara ya filamu bado hakijatoka katika mji huu, na mali ghafi yake ipo: wageni wanaofika na masanduku ya vifaa, vijana wanaoyabeba, mwongozaji wa hapa anayetafuta pesa mlango kwa mlango. Wenye mamlaka na wenye mifuko katika Tshopo wakiendelea kuuona uigizaji na sinema kuwa mchezo wa watoto, kicheko kijacho kuhusu Kisangani kitapigwa picha tena mahali pengine, na Kivu atakufa tena bila kusema neno.