Klabu ya ugenini iwe ya wenyeji mapema

NJE YA DIMBA, na Salim Mwakitalima

Mpira wa Kiaustralia, ule wa watu 18 kila upande na milingoti minne badala ya goli lenye wavu, umesafiri na wenyewe tangu zamani. Oktoba 1916 wanajeshi wa Australia waliucheza London, katika uwanja wa Queen's Club, vita ikiendelea kule Ufaransa. Wanajeshi walipoondoka, mchezo nao ukaondoka. Ndiyo maana nasema klabu ya ridhaa ikianzishwa ugenini, jambo la kuangalia katika misimu yake ya mwanzo ni wenyeji wangapi wameingia kikosini. Vikombe vitasubiri.

Uingereza ilianzisha ligi yake mwaka 1990 ikiwa na timu nane, na London haikuwa na uhaba wa vijana wa Kiaustralia. Neema hiyo ndiyo iliyokuwa mtego. Wengi walikuja kwa viza za muda, wafanye kazi kidogo, watembee Ulaya, kisha warudi kwao. Nahodha wa msimu huu, mwakani yuko Perth. Kumfundisha Mwingereza aliyekulia kwenye soka ni kazi: akikimbia na mpira lazima audundishe chini au auguse ardhini kila baada ya mita 15, na mpira wenyewe una umbo la yai, ukitua vibaya unakwenda unakotaka wenyewe. Kumpigia simu Mwaustralia aliyeshuka uwanja wa ndege juzi ni rahisi zaidi, na Jumamosi utashinda. Ila mwakani utaanza upya.

Halafu kuna suala la kiwanja. Mchezo huu huhitaji uwanja wa duara refu, ambao kwa kawaida hutoshea viwanja viwili vya soka na ziada. Australia hawapati shida, maana huucheza majira ya baridi, viwanja vya kriketi vikiwa vitupu. Uingereza huchezwa kiangazi, wakati wana kriketi wako kwenye viwanja vyao. Kwa hiyo klabu nyingi za Ulaya na Marekani zimekubali kucheza tisa kwa tisa kwenye uwanja wa mstatili. Wahafidhina wanalalamika kwamba huo si mchezo tena. Siwaelewi. Mpira bado unadakwa angani na bado unagongwa kwa ngumi kumpasia mwenzako, na klabu yenye watu 12 inaweza kupanga timu bila kuazima mtu. Klabu changa inayong'ang'ania 18 itaishia kuahirisha mechi.

Pingamizi zito zaidi linahusu uraia. Marekani, ambako klabu za Cincinnati na Louisville zilikutana mwaka 1996 na chama cha taifa kikaundwa mwaka uliofuata, mashindano ya kitaifa yana kanuni kwamba wasio Wamarekani wasizidi nusu ya walio uwanjani. Wapo wanaouliza: ni haki gani kumweka benchi mtu aliyenunua mipira kwa pesa yake na kusimika milingoti kwa mikono yake? Huku kwetu mjadala wa wachezaji wa kigeni tunaujua, na kelele zake tunazijua. Lakini asiyepangwa hajifunzi, na mwanzilishi akishapanda ndege klabu hubaki kwa waliojifunza. Mwaka 2002, Kombe la Kimataifa lilipofanyika kwa mara ya kwanza, Melbourne, Waaustralia waishio nje hawakuruhusiwa kuchezea nchi walizohamia. Nchi 11 zilileta timu, Marekani ikiwemo, pamoja na Denmark ambayo ligi yake ilikuwa imeanza mwaka 1991 tu. Ireland ilichukua kombe kwa kuifunga Papua New Guinea.

Kwangu mimi, kasoro ya kanuni ya nusu kwa nusu ni kwamba imeishia uwanjani. Waanzilishi waipeleke hadi kwenye kamati: mweka hazina na waamuzi wawe wenyeji tangu msimu wa pili, hata kama hesabu zitachelewa na filimbi itakosewa.