Soko la Kijijini Si Jengo

Mwisho wa juma unapowadia, magari mengi hutoka hapa Eldoret kuelekea Iten, mwendo wa kilomita zipatazo 35. Abiria wake husimama ukingoni mwa mteremko wa Elgeyo, wakalitazama Bonde la Kerio lililotandaa zaidi ya mita 1,000 chini yao, wakapigwa picha, wakanywa chai, kisha wakarejea mjini. Ni wachache mno wanaoteremka hadi Tambach na Biretwo na vijiji vya mbele yake ili kuyaona masoko ya wakulima. Twaistahi mandhari lakini twawapuuza watu walioifanya makao. Mazoea hayo ni hasara kwetu sote, hasa kwetu sisi walimu na wanafunzi.

Nilishuka huko msimu wa maembe. Soko nililolikuta halikuwa na ukuta wala paa ila kivuli cha miti. Watu wa nyanda za juu walikuwa wameleta viazi, maharagwe na mahindi. Wa bondeni walileta maembe, mapapai, asali na mbuzi. Mpangilio huo haukutokea kwa bahati. Wakeiyo na Wamarakwet wameishi tangu kale katika kanda tatu, yaani nyanda za juu zenye baridi, mteremko wenyewe, na bonde lenye joto, na kila kanda huzaa kile ambacho nyingine haina. Sokoni ndipo kanda hizo zinapokamilishana.

Nilimwamkua mama mmoja, "Chamgei." Akanijibu kwa lugha yake, kisha, alipoitambua lafudhi yangu, akageukia Kiswahili: "Karibu kastoma wangu. Hilo fungu ni mia. Ukichukua mawili nitakuongezea embe moja." Nikamwomba apunguze kidogo. Akacheka: "Nikipunguza, nitarudi nyumbani na nini, mwalimu?" Sikuwa nimemwambia kazi yangu.

Hebu tuyachunguze maneno hayo machache. Mna salamu ya kikwetu, mna kubadili msimbo, mna neno la mkopo lililokwisha kuzoeleka, mna kipimo kisichojulikana na mizani, na mna swali la balagha lililofunga mjadala wa bei. Hayo ndiyo tunayofundisha shule za upili chini ya anwani ya isimujamii, sajili ya sokoni. Aghalabu twayafundisha kwa mazungumzo ya kubuni, ambamo mwuzaji na mnunuzi husema kama watu wanaosoma risala. Mwanafunzi hukariri sifa za sajili akapata alama zake, ilhali soko lenyewe lipo kilomita chache kutoka darasani mwake.

Lugha yetu yajua siku nyingi kwamba soko si jengo. Neno "soko" tulilipokea kutoka Kiarabu. Lakini Kiswahili kina pia "gulio" na "chete", maneno yatajayo soko la siku maalumu, ambalo watu wakiisha kutawanyika huacha uwanja mtupu. Katika fikra hiyo, soko ni siku kabla ya kuwa mahali. Aidha, mara nyingi mahali hapo huwa ni mti. Pale Mombasa, jina la Mwembe Tayari lahifadhi hadi leo kumbukumbu ya mwembe ambapo misafara ilijikusanya kabla ya kushika njia ya bara.

Misafara hiyo ilifika hadi kwa majirani zetu wa Baringo. Joseph Thomson alipofika huko mnamo 1883, Njemps ilikuwa tayari kituo ambapo wasafiri wa pwani walinunua nafaka za Ilchamus, watu waliolima kwa kumwagilia maji mashamba yao. Kwa hiyo katika pande hizi Kiswahili kilitangulia kusikika penye kununua na kuuza, kabla hakijaandikwa ubaoni. Mwalimu anayewapeleka wanafunzi wake sokoni anakirejesha Kiswahili kwenye mlango kilioingilia.

Nchi nyingine zimeitambua thamani ya masoko ya namna hii. Huko Thailand, mji mdogo wa Amphawa ulikuwa na soko la mashuani lililofifia barabara zilipochukua nafasi ya mifereji. Mnamo 2004 manispaa ya mji ililifufua. Haikuanza kwa kumwaga saruji. Iliutumia mfereji uleule na nyumba zilezile za mbao zilizo kandokando yake, na leo wageni humiminika huko alasiri za mwisho wa juma. Pamoja na somo hilo lipo onyo. Wageni wakiwazidi wenyeji, bidhaa hugeuka kuwa vikumbusho vya watalii, bei hupanda, na mwanakijiji hubaki mtazamaji katika soko lake mwenyewe.

Sisi tumekosea kwa njia tofauti. Mnamo 2009 serikali ilianzisha mpango wa kuchochea uchumi uliojumuisha ujenzi wa masoko ya mazao katika maeneo bunge. Baadhi ya majengo hayo yalikwama njiani. Mengine yalikamilika yakakaa miaka bila wachuuzi, nao wachuuzi wakabaki kando ya barabara. Tuliwalaumu kwa ukaidi. Lakini mchuuzi huwafuata wanunuzi, na wanunuzi hufuata siku na njia waliyoizoea. Ukilihamisha soko bila kuyajali hayo, umejenga ghala.

Atakayeniambia kwamba maneno haya ni ya msomi anayependa kuona wengine wakikaa matopeni, nitamkubalia nusu. Mvua ikinyesha, kivuli cha mti hakimfai mama mwenye mtoto mgongoni. Masoko haya yanahitaji vyoo, maji safi na vibanda vya paa. Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti jukumu la masoko, na ushuru unaotozwa kwa kila gunia yafaa urudi kwa umbo la huduma hizo. Ninachokataa ni kuukata mti ndipo paa liezekwe, na kuibadili siku ya soko pasipo kuwauliza wenyewe.

Lipo jambo zito zaidi ya maji na paa. Kaskazini mwa bonde hili, kama pale Chesegon, mpakani mwa Pokot Magharibi na Elgeyo Marakwet, soko ni mahali ambapo Mpokot na Mmarakwet hukutana bila silaha. Chesegon ilikumbwa na maporomoko ya ardhi mnamo Aprili 2020. Kisha Februari 2023 serikali ilituma wanajeshi katika kaunti kadhaa za Kaskazini mwa Bonde la Ufa ili kuwakabili wezi wa mifugo. Panapolia bunduki, soko huwa miongoni mwa mambo ya kwanza kufungwa, na likifungwa, majirani hukosa pahali pa kusemezana. Anayetaka kujua kama amani imerejea, na aulize kama akina mama wameanza tena kupanga mafungu.

Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu: muhula ujao, pale ambapo njia ni salama, tengeni siku moja. Kila mwanafunzi na asikilize mazungumzo matatu, aandike majina ya vipimo anavyovisikia, kuanzia fungu hadi gorogoro, kisha aeleze ni lini mchuuzi hubadili lugha na kwa nini. Asimpige mtu picha bila idhini yake. Na kabla ya kuondoka anunue kitu, hata kama ni embe moja, kwa kuwa asiyenunua hapati kusikia lugha ya kupatana bei.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Masoko yetu ya bondeni hayajitembezi. Ni sisi tunaosimama juu ya mteremko, tukatazama, tukarudi nyumbani mikono mitupu.